Nani Ahukumu? Utangulizi kwa Wanaoanza Kusoma Habari za Juri na Wazee wa Baraza

Mtu akishtakiwa leo kwa mauaji yaliyotokea Kangeta, katika Igembe, njia ya kesi yake haina mafumbo. Atakamatwa na polisi, faili itapita kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha atafikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Meru. Huko atakayeamua kama aliua au hakuua ni mtu mmoja, jaji. Mkulima wa miraa hataulizwa. Mwalimu wa shule ya msingi hataulizwa, wala mama anayeuza ndizi sokoni, wala mzee anayekumbuka mpaka wa shamba uliogombaniwa ulipita wapi kabla wapimaji hawajafika. Baadhi yao wataitwa kutoa ushahidi. Watasema walichokiona, watashuka, watapanda matatu na kurudi nyumbani. Na huku Igembe, pengine jaji angali anaandika hukumu, ukoo wa marehemu na ukoo wa mshtakiwa watakuwa wamekwisha kuitana, na wazee wanahesabu fidia. Damu moja inaamuliwa mara mbili, na waamuzi wa huku hawaonani na mwamuzi wa kule.

Somo ninalokukaribisha linaanzia hapo. Linauliza jambo ambalo kila jamii yenye mahakama imelazimika kulijibu kwa namna yake: mtu asiyesomea sheria apewe sauti gani katika kumtia mwenzake hatiani? Asikilizwe tu, au apige kura? Achaguliwe na nani? Na akishaamua, adaiwe sababu?

Huhitaji shahada ya sheria ili uingie. Unahitaji uvumilivu wa kusoma kesi za zamani, na utayari wa kuweka kando ulichokiona kwenye sinema. Wanafunzi wengi huja darasani wakiwa na juri ya Marekani kichwani, watu kumi na wawili wamefungiwa chumbani na mmoja wao amekataa kukubaliana na wenzake, kisha wanauliza kwa nini Kenya haina kitu kama hicho. Jibu langu huwashangaza kidogo. Kenya ilikuwa nacho, kwa Wazungu. Sisi wengine tulipewa kitu kingine, kikafutwa mwaka 2007 bila kelele nyingi. Hoja ninayotaka uibebe katika kurasa zote zinazofuata ni kwamba vyombo hivyo viwili vilishindwa kwa jinsi vilivyoundwa, na kushindwa kwake hakujatuambia lolote kuhusu uwezo wa raia wa kawaida kuhukumu.

Tuanze na juri yenyewe. Katika umbo lake la Uingereza, watu kumi na wawili huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura. Jaji anashika sheria: ushahidi upi uingie, kosa lina viungo gani, mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani. Wale kumi na wawili wanashika ukweli wa mambo: je, huyu ndiye aliyekuwa gizani na panga? Wanajadiliana faraghani, wanarudi, wanasema ana hatia au hana. Basi. Hawatoi sababu, na hakuna anayeruhusiwa kuwauliza. Uhuru huo ulipatikana kwa shida. Mwaka 1670, huko London, juri ilikataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead, wahubiri wa Kikweka, na mahakama ikawatoza wanajuri faini na kuwafunga. Mmoja wao, Edward Bushell, alipinga, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Kwa karne nyingi Uingereza ilidai wote kumi na wawili wakubaliane. Tangu 1967 kumi wanatosha. Marekani imekwenda upande wa pili, kwani mwaka 2020 Mahakama yake ya Juu ilisema kwamba kwa makosa makubwa lazima wote wawe na kauli moja katika kila jimbo.

Msomaji wa Kenya anapaswa kusimama hapo penye ukimya. Kanuni zetu za Mwenendo wa Jinai, katika kifungu cha 169, zinamtaka jaji au hakimu aandike hoja zinazoamuliwa, uamuzi, na sababu zake. Rufaa ya kwanza nayo, tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, ni kama kusikiliza upya: mahakama ya juu inaupima ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Juri isiyosema sababu haikai vizuri juu ya msingi huo. Anayetaka kuileta nzima kama ilivyo Uingereza hana budi kueleza mfungwa atakata rufaa dhidi ya nini.

Sasa juri tuliyokuwa nayo. Mwaka 1911, mlowezi Galbraith Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Juri ya Wazungu wenzake ilimwachilia. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na sifa ya huruma, ilishindwa kulimeza jambo hilo, ikamfukuza nchini kwa amri ya utawala. Mwaka 1923, huko Molo, mlowezi mwingine, Jasper Abraham, alimchapa mfanyakazi wake Kitosh, akamfunga ghalani, na Kitosh akafa usiku huo. Kosa la Kitosh lilikuwa kumpanda farasi aliyeagizwa amkokote. Mahakamani madaktari walieleza kwamba Mwafrika huyo alikuwa ametamani kufa, na kwamba tamaa hiyo ilichangia kifo chake. Juri ikapata kosa la kudhuru vibaya tu, na Abraham akafungwa miaka miwili. Karen Blixen aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937, na ukikisoma utaona jinsi ambavyo hata mtu mwenye macho makali aliweza kuvutwa na hoja ile ya tamaa ya kufa.

Kesi mashuhuri kuliko zote ni ile ya Lord Erroll, aliyekutwa amepigwa risasi garini karibu na Nairobi mwezi Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, juri ikamwachilia Julai mwaka huohuo, na waandishi wa Ulaya hawajachoka nayo hadi leo. Mimi huipita haraka. Aliyeuawa na aliyeshtakiwa walikuwa wa klabu moja, na swali letu halimo.

Swali letu limo katika kesi ya Peter Poole. Mwezi Oktoba 1959 alimpiga risasi Kamawe Musunge baada ya Musunge kuwarushia mbwa wake jiwe. Safari hii juri ya Wazungu ilimtia hatiani kwa mauaji, naye akanyongwa Nairobi tarehe 18 Agosti 1960. Kati ya Cole na Poole ni karibu nusu karne. Wapo wanaoisoma kesi ya Poole kama ushahidi kwamba juri ya rangi moja inaweza kutenda haki. Naikubali hoja hiyo kwa shingo upande. Inaweza, lakini tazama ilichukua muda gani, na tazama saa ya historia ilikuwa imefika ngapi: uhuru ulikuwa unaonekana kwa macho, na dunia nzima ilikuwa inaitazama mahakama ile.

Kwa Mwafrika, utaratibu ulikuwa mwingine. Sheria za jinai za mwanzo za Himaya ya Afrika Mashariki zilitoka India, na pamoja nazo likaja wazo la wazee wa baraza: watu wa mahali wanaoketi kando ya jaji na kumpa maoni. Mwaka 1930 sheria za Kihindi ziliondolewa na kuwekwa kanuni mpya, lakini wazee wakabaki. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya adabu. Jaji Mwingereza hajui mila, hivyo wazee watamsaidia kuelewa kwa nini mtu alikasirika vile, kiapo kile kina maana gani, tusi lile lina uzito gani. Wazee wanasikiliza ushahidi wote, jaji anawafupishia kesi, kila mmoja anasema maoni yake kwa mdomo. Kisha jaji anaamua apendavyo. Sheria ilisema wazi kwamba hafungwi na maoni yao.

Mwezi Novemba 1956, mjini Nyeri, Jaji Mkuu Kenneth O'Connor aliketi na wazee watatu Waafrika kumsikiliza Dedan Kimathi, aliyeshtakiwa chini ya kanuni za Hali ya Hatari kwa kupatikana na bastola na risasi. Wote watatu walisema ana hatia. Jaji alikubaliana nao, na Kimathi akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo sasa zimechapishwa, katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur, na ningependa kila mwanafunzi mpya azisome mapema. Unaposoma, jiulize: katika Nyeri ya mwaka 1956, mzee ambaye utawala ulikuwa radhi kumketisha kando ya Jaji Mkuu alitoka upande gani wa vita? Wazee walikuwepo, walisikiliza, walisema. Hakuna kanuni iliyovunjwa kwa upande wao. Ila aliyewachagua ndiye aliyekuwa na kesi.

Baada ya uhuru juri ya Wazungu iliondoka, wazee wakabaki kwa kila mtu aliyeshtakiwa mauaji katika Mahakama Kuu. Walikuwa watatu. Mmoja akiugua au akitoweka, kesi iliendelea na wawili. Wakitoweka wawili, kesi ilirudi mwanzo, mashahidi waitwe upya, mama wa marehemu asimame tena na kusema yaleyale. Huo ndio uliokuwa uchungu wa kila siku katika mahakama za mikoani, wala haukuhusu falsafa yoyote. Lilikuwepo pia jambo la ajabu zaidi ambalo halikusemwa sana. Wizi wa mabavu nao ulikuwa na adhabu ya kifo, lakini ulisikilizwa na hakimu peke yake. Sheria iliyodai wazee watatu kabla mtu hajahukumiwa kunyongwa kwa mauaji ilimruhusu hakimu mmoja kumhukumu kifo mshtakiwa wa wizi wa mabavu, na makosa ya aina hiyo yalijaza magereza kuliko mauaji. Sijawahi kukutana na hoja inayoieleza tofauti hiyo ikaeleweka.

Mwaka 2007 Bunge lilifuta vifungu vya wazee kwa sheria ya marekebisho mchanganyiko, ile aina ya sheria inayogusa mambo kumi kwa mpigo na kupita wakati watu wanazungumzia uchaguzi. Majaji wengine waliwaaga wazee katikati ya kesi na kuendelea peke yao. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikasema, katika baadhi ya kesi hizo, kwamba zilizoanza na wazee zilipaswa kumalizika nao. Kwa hiyo chombo ambacho maoni yake hayakumfunga mtu kiliweza kuibatilisha kesi nzima kwa kutokuwepo. Ukitaka mfano mmoja wa kumweleza rafiki yako kwa nini somo hili lina utamu wake, mpe huo.

Mfano wa pili, nami nitaukalia kidogo, ni wa Thomas Cholmondeley. Alikuwa kitukuu wa Lord Delamere wa tatu, yule kinara wa walowezi, na mwenye kusimamia shamba kubwa la Soysambu katika Bonde la Ufa. Mwezi Aprili 2005 alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi hata kabla haijasikilizwa, na nchi ikawaka. Mwezi Mei 2006, katika shamba hilohilo, Robert Njoya, fundi wa mawe, alipigwa risasi akafa. Safari hii kesi ilikwenda hadi mwisho, mbele ya Jaji Muga Apondi, na kwa kuwa ilianza kabla ya mabadiliko ya 2007 iliendelea na wazee wa baraza. Mwaka 2009 wazee walisema mshtakiwa hana hatia. Jaji hakukubaliana nao. Tarehe 7 Mei 2009 alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na wiki iliyofuata akampa kifungo cha miezi minane.

Sasa rudi kwa Galbraith Cole. Dada yake, Florence, alikuwa mke wa kwanza wa Delamere huyohuyo, na ndiye bibi-mzaa-babu wa Cholmondeley. Familia moja, bonde moja, bunduki mikononi mwa mwenye shamba, na karibu karne moja katikati. Katika kesi ya kwanza raia waliamua na neno lao likawa la mwisho, wakaamua kwa rangi yao. Katika ya pili raia walisema hana hatia, na neno lao halikuwa na uzito. Watu wengi niliowasikia wakiijadili kesi ya Njoya walikasirishwa na miezi minane. Wachache sana waliuliza wale wazee waliona nini katika ushahidi ambacho jaji hakukiona, au jaji aliona nini wao wasikione. Hatuwezi kujua vizuri, maana sheria haikuwadai sababu kwa maandishi. Jaji aliandika kurasa. Wao walisema maneno machache. Hapo ndipo ninapouona ubovu wa chombo chenyewe: mtu anapewa kiti, anapewa posho, anaombwa maoni, kisha hapewi kura wala hadaiwi hoja. Ukimfanyia hivyo mtu yeyote kwa miaka sabini, atajifunza kutochukulia kazi yake kwa uzito.

Watu wa Meru watanikatiza hapa waseme: profesa, mbona unazunguka? Tuna Njuri Ncheke. Na ni kweli, hakuna utangulizi wa somo hili unaoweza kuandikwa upande huu wa Mlima Kenya bila Njuri, baraza la wazee la Wameru. Makao yake yako Nchiru, na mabaraza yake yanashuka hadi ngazi ya kijiji. Waingereza waliitambua na kuiingiza katika utawala, hasa kwa juhudi za H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyependa kujifunza kuliko wengi wa wenzake, na ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake kuhusu lahaja za pwani. Hadi leo migogoro ya ardhi Igembe na Tigania huletwa kwa wazee, na kiapo cha nthenge, kile cha beberu, hutajwa hata katika hukumu za mahakama za serikali.

Lakini tujihadhari na kuifanya Njuri kuwa juri ya Kiafrika. Mwanaanthropolojia wa Kijapani Shin-ichiro Ishida, aliyefanya utafiti wake Igembe, ameonyesha jambo ambalo mwanasheria hulipita bila kuliona. Wazee mara nyingi hukwepa kumwambia mtu "una hatia". Badala ya kujiweka juu ya wagomvi na kutoa hukumu, hulisogeza jambo kwenye kiapo, au huwaita watu wa ichiaro. Ichiaro ni udugu kati ya koo, na mtu wa Igembe anajua kwamba hamdanganyi mtu wa ichiaro yake wala hamnyimi anachoomba, kwa kuogopa litakalompata. Mshukiwa anayeweza kumkodolea jaji macho na kukana, anaweza kushindwa kukana mbele ya mtu huyo. Na kifo kikithibitika, fidia hukusanywa na ukoo, kila mmoja akitoa sehemu yake, kwa hiyo hatia nayo inagawanywa.

Linganisha na juri. Juri inamtafuta mgeni, mtu asiyemjua mshtakiwa, na mwanajuri akigunduliwa ni binamu anaondolewa. Ichiaro inamtafuta mtu aliyefungamana naye kiasi kwamba uongo hauwezekani. Hizi ni nadharia mbili tofauti kabisa za jinsi ukweli unavyopatikana, na kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kuzichanganya chini ya jina la "haki ya jamii".

Kuna onyo jingine, na hili ni zito. Mwezi Aprili 1956 Njuri ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru, kwa msukumo wa mkuu wa wilaya. Waliokaa na kuamua walikuwa wanaume. Walioguswa walikuwa wasichana, na wengi wao walijibu kwa kukeketana wenyewe kwa wenyewe, vuguvugu lililojulikana kama Ngaitana. Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Ukeketaji ni uovu, nami sina mzaha na hilo. Ninachotaka ukione ni kwamba baraza linaloheshimiwa, likitoa amri sahihi juu ya watu lisilowaketisha, linaweza kutii sheria zake zote na bado likapoteza waliolengwa. Leo jambo hilo linarudi kwa sura nyingine mbaya zaidi. Kesi za unajisi wa watoto zinamalizwa nyumbani kwa mbuzi na pesa, wanaume wawili wa umri wa kukomaa wakipatana juu ya mwili wa mtoto ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Katiba ya 2010 imeyaleta haya yote mezani. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zikuze njia mbadala za kusuluhisha migogoro, zikiwemo za kimila, mradi zisikiuke Sheria ya Haki wala kuchukiza haki na maadili. Je, hilo linahusu mauaji? Mwaka 2013, katika kesi ya Mohamed Abdow Mohamed jijini Nairobi, familia mbili za Kisomali zilipatana, fidia ya mifugo ikatolewa, upande wa mashtaka ukaomba kuiondoa kesi ya mauaji, na Mahakama Kuu ikakubali. Wasomi walishtuka, na majaji wengine hawakuifuata njia hiyo. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyotayarishwa na jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Sera hiyo inajaribu kueleza ni kwa namna gani mahakama na wazee watazungumza. Swali la mauaji na la makosa ya ngono ndilo linaloendelea kuwagawanya wasomi, na ndilo utakalokutana nalo zaidi ukiendelea na somo hili.

Kwingineko watu nao wanaparangana. India iliachana na juri baada ya kesi ya Nanavati ya mwaka 1959, ambapo wanajuri wanane kwa mmoja walimwachilia afisa wa jeshi la maji aliyempiga risasi mpenzi wa mkewe. Afrika Kusini ilifuta juri mwaka 1969, lakini jaji wake huweza kuketi na washauri wawili ambao kura zao zinahesabika juu ya mambo ya ukweli. Hivyo ndivyo Oscar Pistorius alivyohukumiwa mwaka 2014. Japani, ambayo haikuwa na raia mahakamani tangu Vita vya Pili vya Dunia, ilianza mwaka 2009 utaratibu wa majaji watatu na raia sita wanaoamua pamoja hatia na adhabu. Na mwaka 2025, huko Uingereza kwenyewe, Sir Brian Leveson alipendekeza kwamba ili kupunguza mlundiko wa kesi, baadhi zisikilizwe bila juri, na jaji aketi pamoja na mahakimu wawili wasio wanasheria. Nilipolisoma pendekezo hilo nilicheka kidogo. Jaji na watu wawili wa kawaida kando yake! Tofauti ni kwamba wale wa Leveson wana kura.

Hiyo kura ndiyo ninayoing'ang'ania, na jirani yetu ana somo la karibu zaidi kuliko Japani. Katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania, sheria iliwapa wazee wa baraza walioketi na hakimu kura kamili, juu ya hatia na juu ya adhabu pia. Wakitofautiana na hakimu, wengi wakashinda. Sisi tuliiga kutoka India aina ya wazee wasiofunga mtu. Wao, katika mahakama zao za chini kabisa, walijenga aina inayofunga. Katika Mahakama Kuu yao wazee walibaki washauri tu, na ulazima wa kuwa nao umelegezwa miaka ya karibuni, kwa malalamiko yanayofanana na yetu ya kabla ya 2007.

Kwa hiyo kama ningeulizwa Kenya irekebishe nini, nisingeomba juri ya kumi na wawili. Ningeomba, kwa kesi za mauaji, jaji na raia wanne waliochaguliwa kwa kura ya bahati kutoka daftari la wapiga kura la kaunti, wanaume na wanawake, wenye kura sawa na jaji juu ya ukweli wa mambo, na sababu ziandikwe na jaji kwa niaba ya walio wengi ili Mahakama ya Rufaa iwe na cha kupima. Najua pingamizi. Igembe watu wanajuana, na kumpata raia ambaye hana ukoo na upande wowote si rahisi. Basi wachaguliwe kaunti nzima, kutoka Buuri hadi Igembe Kaskazini. Wanaweza kutishwa. Jaji naye anaweza kutishwa, lakini yeye ana mlinzi na nyumba mjini, na hili sijapata jibu lake zuri. Kuna gharama. Na kuna hatari ambayo wenzangu hawapendi kuitaja: kwamba raia watakuwa wakali kuliko jaji. Kijiji ambacho kimezoea kumpiga mwizi hadi afe hakibadiliki kwa sababu wanne wake wameketi kwenye benchi. Huenda, hata hivyo, wale wanne wakarudi nyumbani wakiwa wamesikia, kwa wiki nzima, jinsi ushahidi unavyoweza kumwonyesha mtu asiye na hatia kama mwuaji hadi swali moja la wakili linapougeuza.

Wasomi wengine wanapinga pendekezo hili kwa nguvu, na katika sura zijazo utawasoma kwa maneno yao wenyewe. Kabla ya hapo nina kazi mbili ndogo kwako. Ya kwanza: hukumu za Kenya ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Tafuta hukumu moja ya mauaji ya kabla ya 2007 na moja ya baada yake, zote za Mahakama Kuu ya Meru, uzisome ukitafuta ni wapi jaji anataja mila, na nani alimweleza. Ya pili: kesi husikilizwa hadharani, hiyo ni haki ya Katiba, na mlango wa mahakama ya Maua au ya Meru haulindwi dhidi ya mwananchi aliyevaa kwa heshima na kuzima simu. Watu wa Kangeta wanalipita gereza la Kangeta kila siku; wachache kati yao wamewahi kuketi nyuma ya chumba ambamo waliofungwa humo walihukumiwa. Keti siku nzima. Andika uamuzi wako mwenyewe kwenye daftari kabla ya jaji kusoma wake, na sababu zako chini yake, kisha uulinganishe na ule utakaochapishwa.